Sutan Mangkuto Wawili wa Mtaa Mmoja

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimechukuliwa kwa tambuu! Kwa umri huu!

Nilikuwa namwagilia maua ya dada Syamsidar. Wakaja wanawake watatu, mbele Desmawati, binti wa dada yake Yusmanidar, kashika sinia la tambuu. Sutan Mangkuto yupo? Ndimi. "Baba mdogo, unaitwa nyumbani." Nyumbani kwa Yusmanidar! Hilo "baba mdogo" nikadhani ni adabu tu. Sikuuliza neno. Nikavaa kofia.

Nieleze vizuri, ingawa hakuna wa kunisoma — ualimu haustaafu. Kwetu Payakumbuh watu wa mke ndio huja kumchukua bwana harusi, kwa ngoma na sinia la tambuu, naye akioa hupewa jina la heshima. La utotoni huwekwa kando, na kumwita kwalo ni kumvunjia adabu. Mimi na Amiruddin, wa nyumba ile ya pembeni, ni ukoo mmoja. Wajomba walitupa jina moja, hilo la Sutan Mangkuto. Amiruddin ndiye mume wa Yusmanidar. Alikwenda Medan kufanya biashara, akapotelea huko hadi akaota mvi. Sikukuu hii karudi, kafikia kwa dada yake, kwa mkewe hajakanyaga. Yusmanidar amedai talaka. Kesi ni Alhamisi. Lakini wazee wa nyumba yake wameshikilia: bwana harusi alichukuliwa kwa tambuu, basi aitwe kwa tambuu, aagwe kwa heshima. Wakatumwa vijana wasiomjua hata sura.

Hayo nimeyajua baadaye. Pale mkekani nilijua tu kwamba nasutwa. Bi Rakena, mama mkubwa wa Yusmanidar, haoni vizuri, ila ulimi wake mzima.

"Medan walikufunga kamba?"

"Sijaishi Medan, mama."

"Mwongo vilevile! Hata nywele zimekuhama, zimechoka kungoja."

Yusmanidar akatoka jikoni na bakuli la nyama. Akaniona. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio — mabega yanatikisika!

"Mwacheni ale kwanza," akasema.

Akarudi na nyama yake jikoni. Alikawia. Alipotoka tena alileta samaki wa tui, mweupe, bila pilipili. Nikala. Nilipomaliza ndipo akatangaza: "Huyu siye. Huyu ni Zulbakri."

Zulbakri! Mbele za watu! Tangu mama afariki hakuna aliyeniita hivyo. Wote wakashtuka. Mimi sikuona dharau hata chembe.

Chuo cha ualimu, Bukittinggi. Yusmanidar alikuwa akiniondolea pilipili sahanini, moja moja, akinicheka: mwanamume gani wa Minang huyu, asiyeweza pilipili! Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Nikanunua shati, nikakaa dirishani. Ngoma zikaingia mtaani kwetu — zikapita. Zikasimama kwa Amiruddin. Wajomba zake walitaka mfanyabiashara.

Baadaye nilioa mke mwema, Mungu amrehemu. Lakini sauti ya ngoma zikipita naikumbuka mpaka leo.

Jumanne, 7 Oktoba

Habari imenitangulia sokoni. Mume wa Yusmanidar kachukuliwa, kala, kashiba! Muuza kahawa ananiita bwana harusi. Nimemweleza kwa kirefu jinsi kosa lilivyotokea. Akasikiliza vizuri sana, kisha akauliza arusi lini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mambo yameharibika. Hadi juzi Amiruddin alikuwa akisema mwanamke achukue talaka yake, yeye ana tiketi ya basi. Leo kamwambia hakimu anamtaka mkewe! Hakimu kaahirisha hadi Jumatatu; kila upande ulete mashahidi. Yusmanidar, kasema Desmawati, alitoka amebana midomo. Maisha yote amekuwa mke wa kiti kitupu. Sasa aendelee, eti kwa wivu wa mume aliyesikia porojo za sokoni!

Jioni Amiruddin akaja mwenyewe. Kanenepa.

"Mwalimu, nasikia umekula chakula changu."

"Nilikula nilichopewa."

"Chakula cha mume! Nilipikiwa mimi!"

"Hakikuwa na pilipili, bwana."

Akakaa kwenye ngazi, kama mtu aliyepungukiwa pumzi.

"Yusmanidar hajapika bila pilipili hata siku moja," akasema. "Niliugua tumbo, nikamwomba. Akakataa."

Nilimpa kahawa. Nilimwonea huruma — kidogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Nimepiga pasi shati. Bila sababu.

Jumapili, 12 Oktoba

Dada Syamsidar yuko dirishani, anatangaza kama redio. Desmawati kaingia mtaani! Na sinia! Kafika kwa Amiruddin. Amiruddin katoka mlangoni, kavaa kofia mpya!

Mimi sikusogea dirishani. Niliwahi kukaa pale.

"Kamwamkia," dada akasema. Kisha: "Kapita."

Nikasikia ngazi zikilia. Sutan Mangkuto yupo? Dada, jeuri yule, akauliza yupi, maana tunao wawili.

"Mama mdogo amesema yule asiyeweza pilipili."

Nikauliza kutoka ndani: naitiwa ushahidi wa kesho? Au nini? Maana mwanamke bado ana mume, na jambo hili lina taratibu zake —

"Hakusema, Mwalimu. Amesema tu samaki anapoa."

Wananingoja ngazini. Naandika nimesimama, kifungo cha juu kimegoma kuingia. Huko nje Amiruddin anaita jina letu, kwa sauti kubwa, na hakuna anayegeuka.