Bafta ya Mzimu wa Raskazone

Khairiya, Shangazi Semeni kamfukuza Brightness! Kamfukuza shoga yetu, kisa ule mzimu anaouigiza kwenye tamthilia!

Tulikuwa tunaitazama wote sebuleni. Mzimu anaburuza bafta nyeupe mpyaa ndani ya jumba la Raskazone, analilia mwaka aliokufa, themanini na tatu: "Nirudisheni, zama zile zilikuwa tamu!"

Shangazi akazima TV.

"Tamu? Na hiyo bafta uliipata duka gani mwaka ule?"

Brightness akacheka. Akacheka, mjinga yule! "Shangazi, si sanda ya maigizo tu."

"Mwaka ule Tanga nzima sanda haipatikani. Mama yangu nilimzika na pazia la dirisha hilo. Toka kwangu!"

Dirisha lile lile, Khairiya. Lile tunalomcheka kila siku kwamba haliwekei pazia.