Chupa ya mwisho ya nkambo Kalenga

Mama Mathilde wa mashauri ku gazeti, kwanza ujue nani anakuandikia: mu Likasi muzima, kuanzia Panda mpaka Kikula, hakuna pua inapita yangu, minye nikinusa tu kizibo cha divai ninakuambia ile vin ilizaliwa mwaka gani na baba yake ni nani, na masomo niliacha mu troisième ya sekondari juu walimu walikosa cha kunifundisha. Sasa naomba unishauri kidogo.

Nkambo yangu, baba ya mama, muzee Kalenga, mwenye alikuwaka karani ku mines ya shaba, iko na kave chini ya nyumba, na mule alilazaka chupa za vin rouge tangu mama yangu iko mutoto, akazisahau miaka makumi mbili, mpaka Pasaka akanituma nipandishe moja sababu magoti yake haiwezi tena ngazi. Akaisimamisha siku mbili ili machicha ishuke, akamimina polepole, nikamucheka: "Nkambo, ni vin ao dawa ya kikohozi?" Akajibu: "Funga kinywa, bandit, uonje." Mama, nilionja! Harufu ya matunda ya masuku yenye kuiva mpaka kuanguka, na udongo ya mvua ya kwanza. Muzee akafunga macho: "Kumbe ilikuwa inaningojea." Tangu pale, kila siku ya Mungu, kisha misa, kilauri kimoja kimoja.

Ikabakia chupa moja, ya sikukuu ya miaka makumi tano ya ndoa yake na nkambo mwanamuke Albertine. Rafiki yangu Ghislain akanichokoza, "We mwongo, hakuna vin unajua," basi nikaipandisha, tukaikunywa na Coca na barafu, kisha nikajaza chupa na vin ya bei ya chini, ya karton, nikatia chai nyeusi ipate rangi ya uzee, nikarudisha kizibo. Kazi ya fundi, hata weye ungedanganyika.

Ku sikukuu muzee akaonja, akaonja tena. Nilingoja aniite mwizi. Akaniambia: "Vin iko muzuri, mujukuu. Ni kinywa yangu ndiyo imekufa." Sasa anamukataza nkambo Albertine kujichokesha kumupikia, eti hasikie tena ladha. Na minye, ile siku, nilimujibu: "Ndiyo, Nkambo, ni uzee."

Ruffin, Kikula

*

Ruffin, weye na ile pua yako! Kuiba chupa ni ujinga ya kijana, kuitia Coca ni zambi ya pili, na nimecheka, sikatai. Lakini ile "ndiyo" yako haichekeshe. Muzee alionja uongo yako, ulimi yake ikaijua, kisha akakuamini weye kuliko ile ulimi.

Usitafute chupa ingine ya kubadilisha. Usitume mutu. Leo, kabla nkambo Albertine awashe makala, kaa chini mbele yao wawili, useme: "Ile vin nilikunywa minye, ku chupa nikatia vin ya karton na chai." Bila majivuno, bila Ghislain mu maneno. Atakukasirikia, pengine atakufukuza, utavumilia. Lakini mangaribi ya leo muzee akule bukari, ile ugali yake, akijua kinywa yake iko muzima.

Mama Mathilde