Kibuyu Kilichopanda Hanang

Mama, shikamoo, na pole na palizi huko Maretadu.

Nakuandikia nikiwa juu ya Mlima Hanang, miguu bado inataka kwenda. Jua limetuchoma tangu asubuhi. Rafiki zangu, Neema na Paulo, walitaka kupumzika kila penye jiwe, mimi nikawa nawazunguka, "Twendeni!", kibuyu chako cha maziwa kikirukaruka mgongoni.

Maji yalipoisha, Paulo akakizibua tunywe. "We Martha, hii si siagi?" Kweli, mabonge yanaelea! Nimesuka maziwa njia nzima bila kujua. Tukanywa, siagi tukalia viazi tulivyobeba.

Nimekukumbuka, wewe uliyenifukuza kwenye kusuka maziwa eti situlii. Nikirudi usinikalishe kwenye kigoda, Mama. Nipe kibuyu, nizunguke shamba.

Mwanao,
Martha