Salamu za Saa Moja Hewani

Jumanne, 8 Septemba 1987

Betri ya redio ya misheni imekufa tena, katikati ya salamu. Nimeibeba mpaka gereji kwa Rupert pale Msamala aichaji. Kanicheka: fundi redio mzima unabeba betri kichwani kama muuza vitumbua. Baiskeli yangu ina pancha tangu Jumapili, na nimewaambia watu wote kuwa naziba pancha mwenyewe.

Kabla haijafa, kol ya saa moja asubuhi, ule mwito wa vituo vyote hewani, ilikwenda vizuri. Vituo sita, misheni na zahanati zake, kila kimoja na salamu zake. Mimi hapa Mjimwema ndiye ninayeongoza, kwa hiyo kila mmoja lazima aulize mgongo wa mke wangu Kunegunda, aulize mahindi, aulize mpaka paka. Kol ya dakika kumi inakula arobaini. Jeshini nilikaa miaka kumi na minne kwenye mawasiliano, tukafundishwa: sema, ova, ondoka. Nilipoanza kazi hapa nikajaribu kuwafundisha hivyo. Wiki ile ile Sista Getruda wa Mtimbila akamwandikia Padre kwamba mtu mpya wa redio hana adabu. Nikatunga na kitabu cha maneno ya siri, kurasa nane, nikapiga chapa kwa vidole viwili. Nasikia Sista anakitumia kusawazisha mguu wa meza.

Nikanyoosha mikono. Siku hizi bingwa wa salamu ni mimi.

Ida naye kanipa shikamoo yake. Kitinda mimba wetu huyu, nesi wa hiyo zahanati ya Mtimbila, huko Tunduru, mtoni kabisa. Ukivuka mto ni Msumbiji na vita vyao. Leo nikachelewa makusudi kuitikia. Akaanza kulalamika hewani: kaka, itikia bwana, nina wagonjwa. Ndivyo tulivyolelewa. Marehemu baba ukimwamkia akanyamaza, hutoki uani. Hata shule huendi. Unakaa chini mpaka aitikie. Ida aliwahi kukaa siku nzima kwa kosa la kuku.

Nikamwitikia. Wagonjwa hawana kosa.

Alhamisi, 10 Septemba 1987

Semina! Wote wenye redio za kurusha tumeitwa: Posta, polisi, ushirika, misheni. Soda mbili kila mtu na mandazi. Enzi ya rais wa ruksa kweli kweli. Miaka minne nyuma tungekunywa maji.

Wataalamu wawili kutoka Dar. Wa kwanza injinia, raia, miwani mikubwa. Anasema vita vya siku hizi vinaanza hewani kabla ya risasi, na dawa ni mitambo mipya inayorukaruka masafa, adui akikufuata huku wewe umeshahamia kule. Mzuri sana mtambo huo. Yetu ina umri wa Ida.

Wa pili Kapteni Abdulhamid, mwembamba, sauti ya chini. Yeye anasema mtambo bora ni mdomo uliofungwa. Akachora Mto Ruvuma ubaoni. Mawimbi, anasema, hayana mpaka, mto hauyazuii. Aliye ng'ambo anaweza kukufanyia mambo matatu. Akusikilize. Akutafute ulipo, kwa antena mbili zilizokaa mbali mbali: hii inavuta mstari, ile inavuta mstari, mistari ikikutana ndipo ulipo wewe na uji wako. Au akuzibe kwa makelele, usisikike. Akauliza tunaogopa lipi zaidi. Wa Posta akasema kuzibwa.

Kapteni akasema: "Akikuziba, mshukuru. Amekuonyesha kuwa yupo. Mwogope anayekuacha uongee."

Nikauliza huyo wa antena mbili anahitaji muda gani. Nusu dakika, akasema. Nikasema basi dada yangu ameshachorwa hadi picha ya kutundika ukutani, maana salamu zake tu ni dakika nne. Watu wakacheka. Kapteni hakucheka. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nimerudi na soda moja kwa ajili ya Kunegunda. Imepata joto mfukoni.

Jumamosi, 12 Septemba 1987

Naandika mbio, mwandiko huu nitausoma mwenyewe kwa taabu.

Kol ya saa moja. Ida akasema Jumatatu wanakwenda na lori kijiji cha mtoni kuchukua wagonjwa wa wakimbizi, akina mama na watoto. Hapo ningesema sawa, ova. Lakini mtu anakwambia anasafiri, utamwachaje bila kumuuliza safari yake? Nikauliza. Mnatoka saa ngapi? Saa mbili, baada ya kol. Mnapita wapi? Njia ya chini, ya juu ina mchanga. Mko wangapi? Yeye, Sista na dereva. Mna askari? Hakuna, kaka, askari walivuka ng'ambo wiki iliyopita kuwasaidia wa Msumbiji.

Nilimuuliza mimi! Mwenye miaka kumi na minne ya jeshi, mwenye soda ya semina bado tumboni. Hata jasusi asingeuliza vizuri hivyo.

Nikamaliza: haya, mlongo, ndugu yangu, safari njema ya Jumatatu. Akasema asante kaka, akafunga.

Halafu sindano ya mita ya mawimbi ikainuka. Mtu kabonyeza kitufe aseme. Nguvu kuliko Ida, kuliko kituo chochote chetu. Sauti ya kiume, taratibu, Kiswahili cha mtu aliyejifunzia sokoni:

"Safari njema, dada."

Basi. Sindano ikalala.

Nikauliza nani huyo. Nikauliza tena. Vituo vyote vikaapa siyo wao. Sista Getruda akasema labda mtu wa ushirika kaingilia, na angalau ana adabu.

Mwezi uliopita waasi wa Msumbiji walichoma lori upande wa pili wa mto. Waliokuwemo hawakuhesabika vizuri.

Jumapili, 13 Septemba 1987

Misa sikuisikia. Nilikuwemo tu.

Jana mchana nilikwenda Posta. Simu ya Tunduru imekatika tangu Ijumaa. Kwa gari ni siku nzima na nusu, na gari lenyewe lipo lipi. Nikasema nitamwambia Ida kwa Kingoni. Kisha nikakumbuka ng'ambo kuna Wangoni pia, na Wayao, na Wanyasa. Hakuna lugha ya huku ambayo kule haina mwenyewe. Kitabu cha siri kiko chini ya mguu wa meza.

Baada ya Misa nikamfuata Kapteni alikofikia. Nilitegemea kufokewa. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameshajua. Anao wasikilizaji wake, na wao walimsikia yule bwana mwenye adabu. Akanikalisha, akaniagizia chai. Akasema askari wetu wanarudishwa huku mtoni, wamepata amri kwa njia yao. Watawavizia wanaovizia. Mimi kazi yangu moja: kesho kol iwe kama siku zote. Salamu zile zile, urefu ule ule. Nisimwambie Ida chochote.

Nikasema nitamwambia asitoke, basi.

Akasema: "Ukimwambia asitoke, unawaambia na wale wasikae barabarani. Watakwenda wapi, mzee wangu? Zahanati ina vitanda ishirini."

Nikauliza askari watafika kabla ya saa mbili? Akasema Inshallah. Mimi nilitaka saa, yeye kanipa Inshallah. Nikauliza na wasipofika? Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kunegunda kaniuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo. Akasema tumbo hilo halijawahi kukataa ugali tangu harusi yetu. Sikumwambia. Ida alilelewa mgongoni kwake.

Jumatatu, 14 Septemba 1987

Saa kumi na mbili na nusu. Betri imejaa, Rupert kafanya kazi nzuri kwa mara moja maishani mwake. Kapteni amekuja, amekaa kwenye kiti cha Padre.

Saa tatu kasoro. Naandika ilivyokuwa, mikono ipate kazi.

Nilianza na vituo vya karibu. Habari za huko, za watoto, za kahawa. Sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine, mcheshi kidogo kuliko mimi. Mtimbila nikawaacha wa mwisho, kama siku zote.

"Shikamoo, kaka."

Nilikuwa nimebonyeza tayari. Marahaba ilikuwa imefika kwenye meno. Nikaona ua wetu wa Peramiho, baba kwenye kigoda, anatazama mbali, haitikii.

Nikasema: habari za asubuhi, Sista mguu unaendeleaje? Mbuzi wamezaa? Ova.

Ida akajibu: mguu nafuu, mbuzi wawili. Kisha tena, polepole: "Shikamoo, kaka Otto."

Nikauliza mvua. Septemba, nauliza mvua! Nikaeleza mgongo wa Kunegunda, nikaeleza paka, nikaeleza pancha yangu mpaka nikaichosha. Urefu ule ule, kama nilivyoagizwa. Nilichopunguza ni neno moja tu.

Sindano ilikuwa chini. Hewa imetulia kama maji ya mtungi. Nilijua kuna mtu anakunywa humo pamoja nasi.

Ida akasema: "Haya, kaka. Nimesikia." Akafunga. Hakusema tunatoka. Hakusema hatutoki.

Kapteni akanitazama muda mrefu. Kwao pwani wanazijua shikamoo kuliko sisi. Akasema, mzee Otto, umesahau kumwitikia mdogo wako. Nikasema uzee, Afande. Akasema una miaka hamsini na moja. Nikasema jeshini inahesabika mara mbili.

Hakucheka. Lakini daftari lake hakulifungua.

Saa nne. Kama amekaa chini, lori halijaondoka, na askari wamepata muda. Au wale wamechoka kungoja njiani wanakwenda penye vitanda. Kama hakukaa, kama kadhani kaka kazeeka kweli kasahau, sasa hivi wako njia ya chini. Nimeipiga hesabu hii kila upande. Kapteni katoka nje mara mbili kuongea na dereva wake, karudi mara mbili hana habari.

Saa tano na nusu. Kunegunda kaleta uji. Kaniona, kamwona Kapteni, kaona redio. Kakaa sakafuni, mgongo ukutani. Nikamwambia mgongo wako utauma. Kasema uume.

Kol ya mchana ni saa saba. Nikimsikia Ida nitamwitikia marahaba kumi, Sista aandike barua mpaka kwa Askofu.

Saa saba kasoro dakika nane. Sindano imeinuka. Mtu kabonyeza, ameshikilia, nasikia pumzi zake. Hajasema kitu. Nguvu yake siwezi kusema ni ya nani, betri ikiwa imejaa hivi sindano humpandia kila mtu. Kapteni amesimama. Kunegunda kanishika kifundo cha mguu.

Maiki iko mkononi mwangu. Salamu huanza mdogo. Kama ni Ida, ataanza na shikamoo. Namngoja aanze.