Baba, Tangulia Wewe

4 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko mlimani? Huku sote wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yana maoni yao. Nimesikia redioni kwamba hifadhi inaifunga njia ya maporomoko ya maji, eti udongo umekwisha kwa nyayo za watu. Nimeongoza wageni njia ile tangu hujazaliwa, na sijapenda nyingine hivyo. Nataka kuipanda mara moja ya mwisho. Sasa kiongozi ni wewe. Nipe nafasi katika kundi lako.

Baba yako

9 Mei

Shikamoo Baba,

Pole na magoti. Mimi mzima, ila nimechoka hata kushika kalamu. Kila mtu anataka kuiona njia kabla haijafungwa, nami napanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Baba, hapana. Kwenye zile ngazi za mawe hata vijana wanahema. Nakutumia picha.

Binti yako

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kazi. Picha nzuri, lakini hazina baridi wala harufu ya ukungu. Tiketi ya basi nimeshakata. Kama ni kukasirika, ngoja nifike.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba,

Ulifika salama? Magoti je? Roho inaniuma. Wageni waliendelea na kiongozi mwenzangu wakayaona maporomoko; wewe ukakaa kwenye benchi ukasema turudi, na kilibaki kilima kimoja! Ningekubeba. Jana wamefunga lango kwa mnyororo. Kwa nini, Baba?

Binti yako

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika. Magoti yamevimba, dada yako anayakanda kwa maji moto huku akinisema.

Pale langoni uliniambia, "Baba, tangulia wewe, mbele kuna mandhari nzuri." Maneno hayo ni yangu! Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mchovu kuliko wote, ili kundi lifuate mwendo wake naye asione aibu. Yaliniuma, sikufichi.

Kwenye benchi nikageuka. Nikakuona nyuma kabisa, umeegemea fimbo, macho yamezama, unawachekea wageni kwa meno tu. Nikajua umekosea kuchagua. Mchovu kuliko wote ulikuwa wewe, na hukuwa na mtu wa kukuweka mbele.

Kutangulia si kufika, mwanangu. Maporomoko nayajua. Njia imefungwa, kwa hiyo njoo nyumbani ulale.

Baba yako