Peni Sita ya Kiatu cha Kushoto

Muriel (na Tamsin naye asome),

Nimetangulia kanisani kwa miguu. Pai iko kwenye oveni, izime saa nne. Paka ameshakula, asikudanganye.

Kuhusu asubuhi. Miaka arobaini nimeeleza katika nyumba hii kwamba sarafu ya fedha ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake, na wakusanyaji huthamini umri. Leo nashuka ngazi, nakuta sarafu yangu ya peni sita ya Malkia Viktoria, ile ya bahati ya kutiwa kiatuni mwa bibi harusi, inang'aa kama kijiko cha hoteli, nawe umeshika mswaki. "Ilikuwa nyeusi kama sufuria, Wilf," ukasema. "Mjukuu wako haolewi akiwa na masizi kiatuni." Kwa dawa ya meno, Muriel. Tena mswaki wenyewe wangu.

Nakiri sikupaswa kujibu kwamba harusi ni ya siku moja tu. Tamsin, bibi harusi mwenyewe, alikuwa ngazini, akasikia.

~~Tafuteni sarafu nyingine. Hii naondoka nayo.~~

Sarafu nimeiacha kwenye kisahani cha chumvi. Hakuna mkusanyaji atakayeitaka tena, kwa hiyo hongera, sasa inafaa kuvaliwa. Lakini usimwekee wewe, Muriel. Desturi inataka baba wa bibi harusi aiweke mwenyewe kwenye kiatu cha kushoto, na mwanetu Clive hayupo tena duniani kuifanya kazi hiyo.

Nitakuwa mlangoni mwa kanisa. Ileteni, na kiatu cha kushoto kisifungwe.

Babu