Nimemkataa Kwenye Tamthilia Kabla ya Kumjibu Mwenyewe

Mpendwa Mama Rong,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, maana nakuandikia nikiwa nimejificha kwenye chumba cha mavazi, katikati ya magauni kumi na sita ya harusi ambayo hakuna hata moja langu, na huko nje naisikia sauti ya bosi ikiniita, ila sitoki mpaka nimalize.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, naandika tamthilia fupi hapa hapa mjini Zhengzhou, zile za kutazamwa simu ikiwa imesimama wima, sehemu themanini za dakika mbili mbili. Tunazipiga kwa siku saba ndani ya ghala ambalo upande mmoja ni hospitali na upande wa pili ni ofisi ya tajiri, na maua ni yale yale. Umezitazama, Mama Rong, usikatae, hata wanaosema hawazitazami wanazitazama. Kwa miaka mitano niliandika msichana mpole asiyejua kitu, anaanguka, na tajiri kijana anamdaka kabla hajagusa sakafu. Nimewaangusha wasichana arobaini na mmoja, ngazini, kwenye theluji, kwenye bwawa la samaki, na mmoja nilimwangusha akiwa amekaa. Halafu watazamaji wakachoka. Wakaanza kuandika maoni yao, yale yanayopita juu ya picha ikiendelea: "Kwani huyu dada hana magoti?" Bosi Kou, mtayarishaji wetu, naye ni mwanamke kama mimi na wewe, akabandika karatasi ukutani yenye herufi kubwa nyekundu: MWANAMKE HAANGUKI. Tangu siku hiyo mhusika mkuu, kama huyu Ruolan wetu wa sasa, lazima awe na kiwanda chake na ulimi wake, na mwanamume akimletea mapenzi akataliwe mbele za watu. Mimi nilifurahi, nakwambia kweli. Nilikuwa nimechoka kuwaokota wale wasichana.

Sasa kuna mtu, nitamwita Dehai. Ni fundi wa lifti. Tulijuana mwaka juzi lifti ya jengo letu ilipokwama kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi nikiwa peke yangu ndani, na kwa dakika arobaini alizungumza nami kupitia kile kipaza sauti cha dharura, akaniuliza kama nimekula, akanieleza mama yake anavyopika tambi za mchuzi wa kondoo, nikasahau kuogopa. Mlango ulipofunguka, sakafu ya lifti ilikuwa juu kiasi cha kiuno chake, nami kwa mazoea ya kazi yangu nikadhani atanyoosha mikono anidake. Hakuninyooshea mikono. Aliweka stuli chini, akaitikisa kuona kama imekaa sawa, akasema, "Shuka taratibu, haichezi." Nikashuka, na tangu siku hiyo tukawa tunatoka pamoja.

Jumapili moja mwezi uliopita, tukiwa tunakunywa supu ya pilipili asubuhi kwenye kibanda cha karibu na kwao, alitoa themosi mpya mezani, ina jina langu kwenye ile karatasi ya kunata anayowekea alama funguo zake, akasema, "Mimi sina maneno ya kwenye tamthilia. Nikikuona umechoka, kitu kinachonijia kichwani ni kuchemsha maji. Ningependa niwe nakuchemshia mpaka tuzeeke. Hata ukikataa, themosi chukua, imeshaandikwa jina lako." Moyo ulinidunda, pilipili ikanipalia, nikakohoa mpaka machozi, na nilichoweza kusema ni, "Nipe muda." Akasema, "Chukua wote." Na mimi, Mama Rong, nikauchukua wote kweli.

Jumatano yake Bosi Kou alinijia mbio ghalani, akiniita Mwalimu kama waandishi wote wanavyoitwa kazini kwetu.

"Mwalimu, sehemu ya thelathini na moja iko wapi? Ruolan ameshapakwa poda, na mwanamume wa kukataliwa hana la kusema!"

"Nipe mpaka saa sita, bosi."

"Saa sita watu wanakula! Nipe sasa hivi. Mtu anaomba kumwoa, anakataliwa, basi. Kuna ugumu gani hapo?"

Nikaandika. Naapa sikuwa na nia mbaya, ila nilipotafuta kichwani maneno ya mwanamume anayependa, mengine yote nilikuwa nimeshayatumia mara arobaini na moja, yaliyobaki mapya yalikuwa ya Dehai. Nikayaweka yote, na themosi, na mpaka tuzeeke. Mwigizaji alipoyasema, fundi wa taa alijifuta macho. Halafu Ruolan wangu, mwenye kiwanda cha miavuli, akamtazama na kujibu: "Maji najichemshia mwenyewe." Akageuka, akaondoka na viatu vyake vikilia ko ko ko.

Baada ya siku tisa ikatoka, na ni hiyo sehemu ya thelathini na moja iliyopendwa kuliko zote. Maoni yakapita juu ya uso wa yule mwigizaji mpaka huoni pua: "Mwache na themosi yake!" "Akaoe birika!" "Dada Ruolan, usigeuke nyuma!" Sasa kuna vikombe vyenye hayo maneno. Wenzangu wameninunulia kimoja, nakichukia.

Dehai alinitumia ujumbe mmoja tu: "Nimeona jibu. Umeliandika vizuri." Hakuna tusi wala lawama, ndiyo maana silali vizuri. Alhamisi nikamkuta kwenye lifti ya jengo letu na mkoba wake wa vifaa.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," akasema, yeye ambaye hajawahi kuniita hivyo.

"Dehai, hebu nisikilize."

"Unapanda ghorofa ya ngapi?"

"Si unaijua ghorofa yangu?"

"Ya kumi na moja," akasema, akanibonyezea, halafu akatoka yeye.

Na mama yangu hajui lolote. Mara ya mwisho Dehai alipokuja kwa wazazi wangu, kabla ya mkasa huu, alimwahidi kwamba Sikukuu ya Mwezi atakuja na zawadi kama mkwe, na sasa zimebaki siku kumi na mbili, mama ameshawatangazia majirani wa ghorofa zote sita za jengo lao. Jana kanipigia: "Mwambie asilete keki za mwezi zenye njugu, meno ya baba yako unayajua." Nikasema, "Mama, huenda asije." Akasema, "Asije aende wapi? Mwambie za maharagwe matamu, laini." Akakata simu.

Juu ya yote, Bosi Kou anataka msimu wa pili. Watazamaji wameomba yule wa themosi arudi, ijulikane kwamba alikuwa mwizi aliyetaka kiwanda cha Ruolan, apige magoti kwenye mvua naye Ruolan ampite bila kumtazama. Mashine ya mvua imeshakodiwa, maandishi yanatakiwa Ijumaa. Mama Rong, niandike au nisiandike? Dehai nimweleze nini? Na kuna jambo lingine naona aibu kulisema: nikimkubali, je, wale wasichana wenye vikombe hawataona nimewadanganya, na mimi si nitakuwa yule yule wa kuanguka?

Ni mimi, mwandishi niliyejificha, Zhengzhou.

*

Mwandishi uliyejificha,

Kwanza toka humo, utakunja magauni ya watu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilifika pale pa "umeliandika vizuri", sikucheka tena, na nilikukasirikia kidogo, kwa hiyo vumilia.

Ni kweli nazitazama. Nilianza wakati mtaa mzima tulikuwa na runinga moja, imewekwa uani kwa jirani, kila mtu na kigoda chake. Enzi zile mwanamke mwema kwenye tamthilia alikuwa anayelia. Mama mkwe anamtesa, naye anamwosha miguu huku anadondosha machozi kwenye beseni. Nililia naye sehemu hamsini nzima, na kila asubuhi nikaamka kumpikia mama mkwe wangu kwa adabu zaidi, mjinga mimi. Wakaja wake za mfalme wakawa wanawekeana sumu kwenye uji, nikaanza kunusa uji wangu mwenyewe. Halafu mkaja ninyi na wasichana wenu wa kuanguka. Binti yangu alivaa viatu virefu kwenda kazini akijiona yumo ndani ya tamthilia, akateleza mlangoni pa benki, na aliyekuja kumshika mguu alikuwa daktari wa mifupa wa miaka sitini na tatu, mkali kama nini. Kwa hiyo Ruolan wako mimi namkaribisha kwa mikono miwili, na viatu vyake vinavyolia. Mjukuu wangu ana miaka kumi, anacho hicho kikombe. Juzi nilimwambia anywe maji, akanijibu kwa maneno yako. Nilikasirika, halafu nikaenda jikoni kutabasamu.

Basi usijidanganye kwamba shida yako imetoka kwa Ruolan. Ruolan aliulizwa, akajibu palepale, kwa mdomo wake, akimtazama machoni aliyemuuliza. Wewe uliulizwa ukakohoa. Halafu ukachukua maneno ambayo mtu asiye na maneno aliyatafuta sijui siku ngapi, ukampa mwigizaji aliyepakwa poda, ukawaachia watu usiowajua wamcheke, naye akalipata jibu lake kwenye simu kama mtazamaji mwingine yeyote. Ungemkataa ana kwa ana ningekutetea mpaka kesho. Hili siwezi kukutetea. Ulikosea, na kukosea huko kuna jina: uliiba kitu cha mtu anayekupenda kwa sababu ulikuwa na haraka ya kazi.

Tena wewe ni mwandishi kipofu, niruhusu niseme. Miaka yote hiyo mnahangaika, bosi wako anabandika makaratasi ukutani, mnatafuta mmweke mwanamume gani kando ya huyu mwanamke mpya asiyeanguka. Mnaona hayupo, basi kila mwanamume mnampigisha magoti kwenye mvua. Kumbe wewe ulishakutana naye kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi. Alikuona juu, hakukunyooshea mikono. Alikuwekea stuli, akahakikisha haichezi, akakuacha ushuke kwa miguu yako. Umeniandikia hayo mwenyewe, kwa mkono wako, ukayapita kana kwamba ni habari ya stuli!

Unaniuliza kama ukikubali utakuwa umewadanganya wasichana wenye vikombe. Hapana, mwanangu. Nimekaa kwenye kile kigoda uani, naijua njia tuliyotoka. Tulichokuwa tunakitamani sisi ni mwanamke aulizwe, na jibu liwe lake. Likiwa hapana, sawa. Likiwa ndiyo, pia ni lake, na hana haja ya kuomba ruhusa kwa wanaoandika maoni juu ya picha. Umeniandikia kurasa nne, nimetafuta mahali uliposema humtaki Dehai, sikupaona. Nimeona supu, nimeona themosi, nimeona moyo unaodunda. Kama nimekosea, mwambie ukweli huo kwa upole na mama yako aambiwe mapema. Lakini sidhani kama nimekosea.

Sasa sikiliza cha kufanya, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo hii nenda kwa Bosi Kou. Mwambie yule wa themosi harudi, hapigi magoti, si mwizi, na mvua yake amtafutie mwingine. Atapiga kelele. Mwandikie mwanamume mwingine mbaya kadiri apendavyo, unaweza, nimewaona matajiri wako. Ule ujasiri uliompa Ruolan wa kusema hapana, ulimpa amwambie mtu asiyestahili kuambiwa hivyo. Bosi wako ndiye wa kuambiwa. Akikutisha kwamba atamleta mwandishi mwingine, mwambie amlete, halafu uone huyo mwingine atayatoa wapi maneno ya kumliza fundi wa taa.

Ukitoka hapo usimtumie Dehai ujumbe. Usimwandikie hotuba, nakujua utaanza kuiandika kwenye basi. Usiende na maua ya ghalani, usimwite yeyote apige picha. Nenda mchana, kwenye jengo lolote analotengeneza lifti siku hiyo, msubiri amalize kazi, maana mtu akiwa na bisibisi mkononi hasikii vizuri. Mwombe radhi kwanza, kwa kosa lenyewe ulilotenda. Usimwambie "samahani kama uliumia." Mwambie, "Nilichukua maneno yako bila kukuuliza." Akinyamaza, na wewe nyamaza. Ana haki ya kuchukua muda, na wewe huna la kulalamika hapo. Akisema yameisha, kubali, rudi kwa mama yako ukale keki za njugu peke yako.

Lakini akikaa, akikutazama, mpe jibu lako kwa neno moja. Hata kama unakohoa. Halafu ndipo umweleze kuhusu meno ya baba yako na maharagwe matamu, siku zilizobaki zinatosha kabisa.

Na hiyo themosi, ambayo naamini bado iko mezani kwako na hujawahi kuitumia, nenda nayo. Iende tupu. Ukishamjibu, mpe mkononi, umwambie una kiu.

Mama Rong